Kiatu cha mbio si kiatu cha kubebea vyuma

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nchi iliyojipatia sifa kote duniani kwa sababu ya wakimbiaji wake, si ajabu kwamba mtu anapoamua kuanza mazoezi ya aina yoyote, jambo la kwanza analofikiria ni kununua raba za kukimbilia. Hata anayejiunga na jimu kwa nia ya kunyanyua vyuma hufanya vivyo hivyo. Huchagua zile zenye soli nene na laini kama mto, akiamini kwamba kadiri zinavyobonyea ndivyo zinavyomlinda magoti. Kisha hubeba chuma mabegani, akachuchumaa, na kushangaa ni kwa nini visigino vinacheza na magoti yanaelekeana.

Mazoezi ya vyuma si ya mabondia na mabaunsa pekee kama ilivyodhaniwa zamani. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, lilipendekeza kwamba kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea au kukimbia. Madaktari huwahimiza wagonjwa wa kisukari wayafanye, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu. Hali kadhalika huwahimiza akina mama waliofikia umri wa kukoma hedhi, wakati ambapo mifupa huanza kudhoofika. Ndiyo maana siku hizi si kioja kumkuta karani, mwalimu na nyanya mwenye wajukuu katika jimu moja, iwe ni ile ya hoteli kubwa ya jijini au ile ya mtaani ambako uzani umetengenezwa kwa saruji iliyomiminwa ndani ya mikebe.

Lakini wengi huanza na kuacha. Mmoja huacha kwa sababu ya maumivu, mwingine kwa kuona haya ya mavazi, na mwingine kwa kudhani kwamba hana uwezo wa kununua vifaa. Sehemu ya matatizo haya yaweza kupunguzwa mapema, pale mtu anapochagua atakachovaa, na jambo la kufurahisha ni kwamba kinachofaa mara nyingi ndicho cha bei nafuu.

Soli ngumu, si mto

Tuseme una uzani wa kilo 70 na umebeba chuma cha kilo 60 mabegani. Miguu yako miwili inapokea kilo 130. Uzani huo hupita katika sehemu 3 za wayo: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Iwapo sehemu hizo 3 zimekanyaga mahali pagumu na palipo sawa, mguu husimama imara kama kigoda cha miguu mitatu. Iwapo zimekanyaga sponji, kila moja hudidimia kwa kiwango chake. Mguu huegemea ndani au nje, goti hufuata mguu, nyonga hufuata goti, na mgongo hulazimika kusawazisha yote hayo huku umebeba mzigo.

Mkimbiaji ana haja tofauti kabisa. Yeye hutua kwa mguu mmoja, maelfu ya mara, na kila anapotua anahitaji kitu cha kupunguza kishindo na kumrushia nguvu fulani kwa hatua inayofuata. Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni jijini Vienna mnamo Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, viatu alivyovaa vilikuwa na soli nene ya sponji yenye bamba la kaboni ndani yake. Ubishi uliozuka kuhusu viatu vya aina hiyo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mapema mwaka wa 2020 shirikisho la riadha duniani liliweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40. Kiatu hicho ni chombo bora kwa kazi yake. Lakini kule kurusha kunakompendeza mkimbiaji ndiko kunakomwangusha mbeba vyuma. Huwezi kusimama juu ya godoro na kuinua gunia la mahindi, hata godoro hilo liwe la bei gani.

Namna ya kujua kiatu kinachofaa ni rahisi. Kichukue mkononi, ubonyeze soli yake karibu na kisigino kwa kidole gumba. Ikibonyea kwa urahisi, hicho si cha vyuma. Kisha kivae, usimame kwa mguu mmoja kwa muda wa sekunde 20. Ukijikuta unahangaika kutafuta msawazo kuliko unapokuwa pekupeku, kirudishe. Mwisho, kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia wala si katikati ya wayo.

Raba za turubai zenye soli nyembamba ya mpira, zile ambazo wengi wetu tulizivaa shuleni kwa somo la michezo, hupita majaribio hayo yote. Wanaonyanyua uzani mkubwa sana ng'ambo wamezipenda raba za namna hiyo kwa miaka mingi. Kampuni ya Converse ya Marekani ilianza kutengeneza All Star mwaka wa 1917 kwa ajili ya mpira wa vikapu. Wachezaji wa mpira huo walikwisha kuhamia kwenye viatu vingine zamani, ilhali wabeba vyuma wangali nazo kwa sababu soli yake ni bapa na haidanganyi. Msomaji asielewe kwamba tunamwambia anunue jina hilo. Raba yoyote ya turubai yenye umbo kama hilo, ikiwa haimbani vidole na haipwayi kisiginoni, yatosha kwa miaka yake ya kwanza jimu.

Visigino vilivyoinuliwa

Wapo watakaouliza: mbona wale wanaoshindana katika Olimpiki huvaa viatu vyenye visigino virefu? Ni kweli. Kiatu cha kunyanyulia uzani huinua kisigino kwa takriban milimita 20, lakini kisigino chenyewe ni kigumu, zamani kikiwa cha mbao na siku hizi cha plastiki ngumu, na juu ya mguu hupita ukanda wa kuushikilia usiteleze ndani ya kiatu. Sababu yake ni kifundo. Unapochuchumaa chini kabisa huku kifua kikiwa wima, goti hulazimika kusogea mbele ya vidole, na hilo haliwezekani iwapo kifundo ni kigumu. Kisigino kikiinuliwa, goti hupata nafasi ya kusogea na mgongo hauinami mbele kupita kiasi.

Ikiwa visigino vyako huinuka kila unapochuchumaa, huenda wewe ni mmoja wa wenye vifundo vigumu. Kabla ya kutafuta viatu vya gharama, jaribu kukanyaga ubao imara wenye unene wa kama sentimita 2 chini ya visigino, ubao usioteleza, ukiwa na uzani mwepesi au bila uzani wowote. Ukiona tofauti kubwa, basi viatu hivyo vitakufaa siku utakapokuwa na fedha za ziada. Kwa wengi, kunyoosha misuli ya nyuma ya muundi kila siku kunasaidia pia.

Zoezi la kuinua chuma kutoka sakafuni ni habari nyingine. Hapo soli nyembamba ndiyo bora, kwa kuwa kila sentimita unayoongezewa na kiatu ni sentimita unayopaswa kukiinua chuma zaidi. Wengine huvua viatu kabisa. Si kosa, mradi sakafu ni safi na haitelezi, lakini soksi tupu juu ya vigae ni hatari. Mgonjwa wa kisukari asithubutu kufanya mazoezi pekupeku. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na mtu akakatwa na kitu au akapata lengelenge asijue hadi kidonda kimeingia usaha. Yeye na akague miguu yake kila anapotoka jimu, na kabla ya kuvaa viatu aingize mkono ndani kuhakikisha hamna kijiwe wala mshono uliochomoza.

Kuhusu champali, sandak na viatu vya ofisini vyenye soli ya ngozi, hapana haja ya maneno mengi. Havifai. Hakuna raba itakayozuia uzani wa kilo 20 kukuumiza ukikuangukia, lakini raba iliyofungwa kamba vizuri hukuwezesha kuruka kando kwa haraka, jambo ambalo champali haikubali.

Ukienda Gikomba

Wengi wetu hatununui viatu vya michezo madukani. Twaenda Gikomba au Toi jijini Nairobi, Kongowea kule Mombasa, au Kibuye mjini Kisumu. Si aibu, na kwa mbeba vyuma mitumba ina faida: raba bapa hupatikana kwa wingi, na aghalabu wanunuzi wengine huziruka wakikimbilia zile nene zenye rangi za kung'aa. Hata hivyo kuna mambo ya kuangalia.

La kwanza ni umri. Baadhi ya viatu vya michezo huwa na soli ya kati iliyotengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo poliyurethani. Plastiki hiyo huvunjwavunjwa polepole na unyevu uliomo hewani, hata kama kiatu hakijavaliwa na mtu. Ndiyo sababu mtu aweza kununua raba inayometameta kama mpya, akaivaa mara mbili, na soli ikameguka vipande kama mkate mkavu. Katika joto na unyevu wa pwani mambo huwa ya haraka zaidi. Basi ikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji, uangalie kama kuna nyufa ndogo ubavuni mwa soli. Ipitishie ukucha. Ikiacha unga au ikinata, iache hapo hapo.

La pili ni namna mwenyewe wa kwanza alivyokuwa akitembea. Viweke viatu vyote viwili juu ya meza au ubao ulio sawa, uvitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kitauegemeza mguu wako upande huo huo, na uzani utamalizia kazi. La tatu ni ukungu wa ngozi, ule unaochubua katikati ya vidole na kuwasha. Huweza kuishi ndani ya kiatu kwa muda mrefu. Toa soli ya ndani uitupe, weka nyingine, safisha kiatu kwa sabuni, kianike hadi kikauke kabisa, kisha unyunyize poda ya kuua ukungu inayouzwa katika maduka ya dawa.

Nenda sokoni alasiri wala si asubuhi, kwani miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea. Na uende na soksi utakazovaa.

Mavazi yakupe nafasi

Kwa upande wa nguo, swali ni moja: je, waweza kuchuchumaa hadi chini na kuinua mikono juu ya kichwa bila nguo kukuvuta popote? Lifanyie jaribio hapo hapo dukani, usijali watu watasemaje. Suruali ya dangirizi hushindwa mara moja. Huyabana mapaja na nyonga, na nyonga zikikataa kukunjika, mgongo ndio unaokunjika badala yake. Mtu anayeinua chuma kutoka sakafuni akiwa na suruali iliyombana anatafuta maumivu ya kiuno. Kaptura pana, truksuti, au taiti inayonyumbuka vyote vyafaa.

Lakini upana nao una mpaka. Katika jimu zenye mashine za kamba na magurudumu, nguo inayoning'inia yaweza kunaswa. Miguu ya suruali inayoburuta hukanyagwa wakati wa kuchuchumaa. Halafu mwalimu wako anahitaji kuona magoti na mgongo ili akurekebishe, na hawezi kuona kitu iwapo umejifunika fulana ya kaka yako inayofika magotini.

Soksi ndefu ni jambo ambalo wengi hulidharau. Chuma kinapoinuliwa karibu na mwili hukwaruza muundi hadi damu ikatoka. Katika mashindano ya kimataifa ya pawalifting, soksi ndefu ni sharti kwa zoezi hilo. Jimu ni chuma kimoja kwa watu wengi, na damu ya mmoja isimfikie mwingine.

Je, pamba au poliesta? Pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, hivyo fulana huwa nzito na kukuganda mgongoni. Poliesta hukauka upesi lakini hushika harufu, na usipoifua siku hiyo hiyo majirani watajua. Kwa mazoezi ya vyuma, ambapo mtu hupumzika kati ya zamu moja na nyingine, tofauti si kubwa kama ilivyo kwa mkimbiaji. Fulana ya pamba uliyo nayo yatosha. Kwa wanaoamkia jimu Nairobi au Eldoret kungali na baridi, sweta jepesi la kuvua baada ya mwili kupata joto ni bora kuliko nguo moja nzito.

Nailoni tumboni

Kuna tabia ambayo lazima ikemewe. Utaona mtu amejifunga karatasi ya nailoni tumboni, akavaa sweta juu yake na koti la mvua juu ya sweta, eti apate kuyeyusha mafuta. Jasho si mafuta. Lita 1 ya jasho ni kilo 1 ya maji, na hurudi mara tu unapokunywa. Mwili hutoa jasho ili likauke juu ya ngozi na kuupoza. Likizuiwa kukauka, joto hubaki ndani na kuzidi kupanda.

Mnamo Novemba na Desemba 1997, vijana 3 wa mieleka katika vyuo vikuu vya Marekani walikufa mmoja baada ya mwingine walipokuwa wakijaribu kupunguza uzani kabla ya mashindano. Walikuwa wakifanya mazoezi mahali penye joto huku wamevaa mavazi yasiyopitisha mvuke. Hawa walikuwa vijana wenye nguvu, tena wanamichezo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini humo kikapiga marufuku mavazi hayo. Anayekuuzia mkanda wa kutoa jasho tumboni mlangoni mwa jimu hatakuambia habari hizo.

Kwa akina mama

Sidiria ya kawaida haikuundwa kwa mazoezi. Ile ya michezo ilibuniwa mwaka wa 1977 na wanawake 3 wa Marekani ambao walishona pamoja vitambaa viwili vya kuhifadhia sehemu za siri za wanamichezo wa kiume, na hivyo ndivyo ilivyoanza. Kunyanyua vyuma hakuna mrusho mwingi kama kukimbia, kwa hivyo huhitaji ile inayobana mno hadi pumzi ikawa ya shida. Kinachobeba kazi kubwa ni ukanda wa chini, si mikanda ya mabegani. Inua mikono: ukanda ukipanda juu, sidiria ni kubwa. Vidole viwili viweze kupita chini yake, visizidi. Mpira ukilegea, muda wake umekwisha, na ndiyo maana sidiria ya mitumba ni biashara ya kubahatisha.

Wapo akina mama wanaojinyima mazoezi haya kwa kudhani kwamba stara na vyuma haviendi pamoja. Hata mashindano ya kimataifa yalikwisha kulitatua jambo hili. Sheria za kunyanyua uzani zilitaka viwiko na magoti vionekane ili waamuzi wajue kama vimenyooka. Mwaka wa 2011 Kulsoom Abdullah, Mwislamu mwenye asili ya Pakistan aishiye Marekani, aliomba ruhusa ya kushindana akiwa amejifunika, na shirikisho la kimataifa likakubali vazi la kubana mwili linalofunika mikono na miguu. Jimu ya mtaani haina waamuzi. Fulana ya mikono mirefu, suruali inayonyumbuka na hijabu ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, isiyo na pini wala ncha za kuning'inia, hazimzuii mtu kufanya zoezi lolote. Buibui ndilo la kuvuliwa mlangoni, kwa sababu ya kukanyagwa.

Mikanda, glavu na pete

Mshipi mpana wa ngozi haushikilii mgongo kama wengi wanavyofikiri. Hulipa tumbo kitu cha kusukuma, na tumbo lililokazwa ndilo linaloutegemeza uti wa mgongo. Ni wa uzani mkubwa tu, na anayeanza hana haja nao. Mwenye shinikizo la damu aongee na daktari kwanza, kwani kuziba pumzi na kukaza tumbo hupandisha shinikizo kwa ghafla. Glavu hupunguza sugu viganjani lakini hunenepesha chuma mkononi, kikawa kigumu kushika. Ni hiari ya mtu.

Pete si hiari. Ivue, hata ya ndoa. Chuma kikiibana pete huku kikiteleza chaweza kuchuna ngozi ya kidole chote, na zipo ajali ambapo kidole chenyewe hung'oka. Ifunge kwenye leso ndani ya mkoba.

Viatu vya jimu viwe vya jimu tu. Tope la kituo cha matatu huigeuza soli kuwa ya kuteleza. Vikitoka mguuni visifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki hadi kesho yake. Nguo zifuliwe siku hiyo hiyo na kuanikwa juani, kwani choa, ambao wengi huuita mashilingi, hupenda mahali penye unyevu na huenea kwa kuazimana fulana na taulo. Taulo hilo ulitandike kwenye benchi kabla ya kulala chali, upande mmoja ukiwa wa benchi daima na upande mwingine wa mgongo wako.